Jinsi mdogo wangu mwenye usonji alivyopata kazi ya dagaa Kirumba

Mdogo wangu ana usonji (autism). Ni kijana wa miaka ishirini na ushei, na anafungasha dagaa kwenye kiwanda kidogo Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Analipwa kwa pakiti, bei ile ile wanayolipwa wenzake. Jina lake siliandiki kwa kuwa yeye mwenyewe amekataa, ila ameniruhusu nieleze tulivyofika hapo, maana kila ninapokutana na wazazi wa vijana kama yeye swali ni moja: akishamaliza shule, anakwenda wapi?

Jibu wanalopewa wengi ni mafunzo. Akajifunze kwanza ushonaji au kufuma vikapu, akishaiva ndipo atafutiwe kazi. Mdogo wangu alipita njia hiyo. Vikapu alivifuma vizuri sana, na vikabaki kule kule darasani. Mtu mwenye usonji mara nyingi hahamishi kirahisi alichojifunza mahali pamoja kwenda pengine: meza ikibadilika, sauti zikibadilika, anayeelekeza akibadilika, kwake hiyo ni kazi mpya kabisa. Marekani, tangu miaka ya 1980, walianza kupindua utaratibu huo. Kijana anatafutiwa kwanza kazi ya kweli yenye malipo, anafundishwa pale pale kazini na mtu anayekaa naye bega kwa bega, kisha mtu huyo anajiondoa pole pole. Nilisoma habari hizo kwenye simu usiku, nikaona hilo naliweza. Mimi ni fundi cherehani, saa zangu nazipanga mwenyewe. Asubuhi naweza kuwa naye, jioni nikashona.

Kwanza tulihitaji kujua ni kazi gani inamfaa. Katika hospitali ya watoto ya Cincinnati kulianzishwa mpango mwaka 1996 uitwao Project SEARCH, ambapo vijana wenye ulemavu huzungushwa idara tatu ndani ya mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Sisi hatukuwa na hospitali, tulikuwa na watu wanaotufahamu. Mama lishe mmoja alimpokea aoshe vyombo, lakini masufuria yakigongana na redio ikipiga juu kwa juu aliziba masikio, na mikono iliyoziba masikio haioshi sahani. Duka la vifaa vya ujenzi lilimpendeza zaidi. Misumari na nati alizipanga kwa ukubwa hadi mwenye duka akaita majirani waone. Tatizo lilikuwa wateja, kila mmoja anauliza lake kwa wakati mmoja. Tukatoka huko tukiwa na picha kamili: kazi ya mikono, inayojirudia, yenye kipimo kinachoonekana kwa macho, mbali na spika na mbali na wateja. Harufu ya samaki haimsumbui hata kidogo. Ningekuwa na ndugu mwingine mwenye usonji asiyevumilia harufu, dagaa nisingewagusa.

Kwa mwenye kiwanda nilikwenda mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyo mdogo wako anaongea?"

"Anaongea, mama, ila maneno machache. Naomba usimhoji. Mpe dagaa achambue, kisha utazame sinia lake."

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Usaili wa maneno unampima kijana kwa kile kile kinachomshinda, na kazi yenyewe wala haihitaji maneno hayo. Mdogo wangu alikaa kwenye kona, akatoa mchanga, vijiwe, konokono wadogo, hata vifuru, samaki wengine wadogo, vilivyojificha katikati ya dagaa. Mama alilimimina sinia juu ya meza, akapitisha kiganja, akasema aje Jumatatu.

Nilimshukuru, kisha nikazungumzia hela siku hiyo hiyo. Tulikubaliana kwamba akiwa anajifunza apewe nauli na chakula cha mchana, na akianza kufungasha alipwe kwa pakiti kama wengine. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Kiwanda cha mama hakifikishi watu 20, hivyo sheria hiyo haimfungi, na sikuitaja. Nilizungumza naye kuhusu chapa yake. Mteja akitafuna mchanga kwenye mboga mara moja, pakiti ya pili hainunui. Hiyo ni hoja ya biashara, na mfanyabiashara anaielewa. Kumwombea mtu kazi kwa huruma kunamfanya awe wa kwanza kuondolewa soko likiyumba.

Kufundisha kwenyewe nilikufanya kwa namna ya Marc Gold, Mmarekani ambaye miaka ya 1970 aliwafundisha watu wenye ulemavu mkubwa wa akili kuunganisha breki za baiskeli, kwa kuigawa kazi vipande vidogo vidogo na kutumia maneno machache mno. Nilikaa nikafungasha mimi kwanza, nikiandika kila mkono wangu unachofanya. Bandika lebo. Weka mfuko mtupu kwenye mzani. Bonyeza sifuri. Mimina hadi isome gramu 250. Kunja mdomo wa mfuko. Bana kwa mashine hadi taa izime. Panga kwenye boksi. Nilipiga picha ya kila hatua, nikazibandika ukutani mbele ya macho yake. Nikaanzia mwisho: mimi nafanya zote, yeye anabana na kupanga kwenye boksi. Hilo likishakaa, anaongezewa kukunja, halafu kumimina. Kwa kuanzia mwisho, tangu asubuhi ya kwanza kila pakiti ilimalizikia mikononi mwake, na furaha ya kumaliza aliipata yeye.

Jambo ambalo hakuna kitabu kiliniandalia ni mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haiwavuti, basi wavuvi hupumzika na mzigo Mwaloni unapungua. Wenzake wakifika wakakuta hakuna dagaa hupiga soga au hurudi nyumbani. Yeye alifika, akakuta meza tupu, akazunguka ile meza mpaka saa nne, machozi yanamtoka. Lakini mwezi una ratiba kuliko kitu chochote pale kiwandani. Tulichukua kalenda kubwa ya ukutani, tukazungushia duara siku za mwezi mpevu na za pembeni yake, tukakubaliana na mama kuwa hizo ni siku za kukunja maboksi na kubandika lebo za mzunguko unaofuata. Tangu hapo akifika anatazama kalenda kwanza. Mvua haina kalenda. Kwa hiyo asubuhi mawingu yakitanda na dagaa hawawezi kuanikwa vichanjani, mama humpigia simu kabla hajatoka nyumbani, na kwake simu hiyo inatosha.

Salamu ilichukua muda mrefu kuliko mzani. Kwetu kanda ya ziwa kijana anayempita mtu mzima bila shikamoo amekosa malezi, na wale akina mama wachambuaji walianza kunong'ona kwamba ana kiburi. Nilikaa nao wakati wa chai nikawaeleza kwamba haoni sababu ya kumsalimia mtu mmoja mmoja wakati wote wamekaa chumba kimoja. Bibi mmoja, mkubwa wao, ndiye aliyetoa suluhisho: asimame mlangoni, aseme "Shikamooni" mara moja, sote tuitikie. Anaitikiwa kwa sauti moja kila asubuhi. Nampenda sana yule bibi.

Tuliandika pia karatasi ya ukurasa mmoja, yeye akinitajia, mimi nikiandika kwa maneno yake. "Nikiziba masikio msinishike, nipeni muda." "Niambie kitu kimoja, nikimaliza niambie kingine." "Nikisema sawa huenda sijaelewa. Niambie nikuonyeshe." Imebandikwa karibu na birika la chai. Nimeona vibarua wapya wakiisoma, na nimeona pia baadhi yao wakianza kuongea wao kwa wao kwa namna hiyo, jambo moja kwa wakati.

Nauli anaibeba kamili mfuko wa shati, na kutoka Nyasaka anaondoka mapema, kabla daladala hazijashona watu na wapiga debe hawajachangamka. Hilo halikuwa gumu.

Kujiondoa kulikuwa kugumu, kwangu mimi. Nilihama kutoka ubavuni kwake kwenda mlangoni, kutoka mlangoni kwenda nje nikikata vitambaa kwenye benchi, halafu nikawa napita saa ya chakula tu. Sikumwachia hewa: kabla ya kila hatua nilihakikisha yule bibi anajua nilichokuwa nakifanya na anaweza kukifanya bila kuacha kazi yake. Mzani ulipoharibika mdogo wangu alikwenda kwa bibi huyo, hakunipigia mimi. Siku hiyo nilijua kwamba nafasi yangu imepata mwenyewe.

Sasa tuko kwenye mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apewe maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na mama yuko tayari. Rasimu tumeiandika pamoja: kazi, saa, malipo kwa pakiti, siku za mapumziko. Mdogo wangu aliisoma yote, akaomba kiongezwe kipengele kimoja, kwamba saa za kazi zikibadilika aambiwe siku moja kabla. Mama alisema wafanyakazi wote wataandikiwa hivyo hivyo.