Kwao wapi?

Hapa Unguja mjini, mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo ulifukiwa kabla sijazaliwa. Leo pale Darajani ni magari na wauza nguo. Mwingereza aliutumia mkono ule kuwa mpaka: huku majumba ya mawe, kule "wenyeji". Akatuandika Mwarabu, Mhindi, Mwafrika. Mapinduzi ya 1964 yalikuja, lakini vichwani mwetu maji bado yamejaa.

Juzi imeletwa posa ya binamu yangu. Kijana ana kazi, anaswali, kaja na wazee wake kwa adabu zote. Ami kaisoma barua, kaikunja, kauliza: "Kwao hasa wapi?" Kajibiwa Ng'ambo. Halua haikuguswa tena. Na mamaake ami, wallahi, kazaliwa hukohuko! Sasa anatafuta wa kupeleka jibu. Mie siendi.