Konokono Kwenye Rafu ya Madini

Juzi binti yangu alikuwa sakafuni na kitabu kipya. Akakifungua katikati, akakikunja jalada kwa jalada kama mtu anayevunja kuni. Kwaa! Nilishtukia nimeshapaza sauti.

"Taratibu! Unakivunja mgongo."

"Baba, kumbe kitabu nacho kina mgongo?"

Kina, mwanangu. Nikakaa naye pale chini nikamwonyesha: kisimamishe kwa mgongo wake, laza jalada la mbele, laza la nyuma, kisha kurasa chache upande huu, chache upande ule, ukipitisha kidole kwenye mshono, mpaka ufike katikati. Akauliza nilijifunzia wapi. Nikamjibu "kazini", jibu la mvivu. Habari yenyewe ni ndefu kidogo, na ina konokono ndani yake.

Ilikuwa 2003, kile kipindi changu cha mihuri. Maktaba ya chuo, chumba cha nyuma kisicho na dirisha, mimi na yule tuliyemwita Mama Katalogi. Yeye aliniita kijana, na sidhani kama aliwahi kulijua jina langu. Boksi la vitabu vipya likifunguliwa, harufu ya gundi na wino ilijaa chumba kizima. Mimi niliyesoma kwa nakala zilizofifia niliona hiyo ndiyo harufu ya elimu yenyewe. Yeye alisema ni harufu ya kazi. Linganisha na ankara. Andika kwenye daftari la usajili. Piga mhuri ukurasa wa jina, kisha ukurasa wa 21, ule wa siri, ili mwizi akichana wa mbele ushahidi ubaki ndani. Bandika karatasi ya tarehe. Bandika namba mgongoni.

Hizo namba zilitutesa. Melvil Dewey, mkutubi wa Marekani, alipotoa mpangilio wake wa vitabu mwaka 1876 aliigawa elimu yote mafungu kumi, fasihi ikaangukia 800. Humo Kiingereza kina 820 yake, Kijerumani 830, Kifaransa 840, kila mmoja na chumba chake. Fasihi za Afrika zimebanana ndani ya 896, na Kiswahili kimejikunyata huko kwenye 896.392. Tarakimu sita na nukta, kabla hujaandika hata herufi za mwandishi, na zote ziingie kwenye mgongo wa diwani nyembamba kuliko kidole changu. Nikawa nazibandika juu ya jalada. Mama Katalogi akipita anaguna tu.

Lakini vitabu vipya vinataka nafasi, na rafu hazizai. Kwa hiyo kila shehena ilifuatwa na kile alichokiita kupalilia: unasukuma toroli, unafunua nyuma ya kila kitabu, unatazama karatasi ya tarehe. Kisichowahi kuazimwa, hata mhuri mmoja, kinapanda toroli. Siku hiyo nilipangiwa 549, madini.

Ndipo nikakitoa. Kitabu cha Kifaransa, jalada la karatasi, chembamba, karatasi yake ya tarehe nyeupe kama ilivyobandikwa. Kifaransa changu ni cha kubahatisha, ila mchoro wa konokono hauhitaji kamusi. Nikajaribu kukifungua, kikakataa. Kurasa zilikuwa zimeshikana kwa nje, mbili mbili, nne nne, kama bahasha. Nikadhani zimelowa. Nikampelekea.

Akakipokea kwa mikono miwili, akapitisha kucha pembeni. "Hazijalowa, kijana. Hazijakatwa." Wachapishaji wa Ufaransa, akanieleza, waliendelea muda mrefu kuuza vitabu hivyo: karatasi kubwa inachapwa, inakunjwa, inashonwa, na mikunjo ya ukingoni anaachiwa msomaji aikate mwenyewe kwa kisu. Kwa maana hiyo kitabu kinakutolea ushahidi. Hakuna anayeweza kudanganya kwamba alikisoma hiki. Akachungulia ndani ya mkunjo kutafuta ukurasa wa 21, na hapakuwa na mhuri. Sisi wenyewe hatukukifungua.

Kisha akageuza mgongo. 549. Akanyamaza. Akarudi kwenye mchoro, akarudi kwenye namba.

Moluska, kundi la konokono, ni 594.

Nilicheka. Kicheko cha kijana wa kazi ya muda: konokono miaka yote hiyo kati ya kwatzi na jasi, wakingoja mtu wa mawe apendezwe nao! Mwanafunzi wa zoolojia hakuwa na sababu ya kupita upande ule, na wa jiolojia akikiona anakisukuma pembeni. Nikaenda mwenyewe, bila kutumwa, kulivuta daftari la usajili la zamani ili tujue bingwa gani alifanya hivyo. Mwaka 1971. Mstari ule, wino wa bluu, 549, na ile tisa yenye mkia uliopinda kushoto.

Tisa hiyo nilikuwa naiona kila siku. Ilikuwa kwenye orodha ya kazi niliyobandikiwa ukutani asubuhi ileile.

Sikuinua kichwa. Nilisikia feni, nikasikia miwani yake ikiwekwa mezani. Akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwandiko wa nani huo?"

"Hausomeki vizuri, Mama. Wino umefifia."

Wino haukuwa umefifia. Naye alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, anauona kama ninavyouona mimi. Sijui tulisimama hivyo kwa muda gani. Mwishowe akavuta rula ya chuma kutoka kwenye droo, akaketi, akaanza kukata. Mkunjo mmoja baada ya mwingine, polepole, vumbi jeupe la karatasi likimwangukia kwenye sketi. Hakunipa nimsaidie. Alipomaliza akapiga mhuri ukurasa wa 21, akaandika namba mpya kwa penseli, kisha kwa kalamu. Akakishika kwa mgongo, akakilaza jalada, kurasa chache upande huu, chache upande ule. Hapo ndipo nilipojifunza.

Hakukirudisha rafuni. Alikipeleka kwenye meza ya mbele, ile ya vitabu vipya, akakisimamisha katikati ya majalada yanayong'aa. Mkuu wa kitengo alipita, akakitazama, akamtazama yeye, akaendelea na safari zake.

Mengine yalikwenda haraka. Alistaafu, mimi nikaenda nilikokwenda. Wakati huohuo kompyuta zilikuwa zinaingia: Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kusomesha majarida ya tiba mtandaoni, ilikuwa imeanza mwaka uliotangulia, na wanafunzi wa tiba walipanga foleni kusoma makala kwenye skrini, nyingine zikihusu kichocho, ambacho hubebwa na konokono wa maji baridi. Nilitaka kumwambia mmoja wao, tazama mezani pale. Sikumwambia. Bado najiuliza kama niliona aibu ya kitabu au ya ile tisa.

Jana usiku binti alipolala nikaingia kwenye katalogi ya mtandaoni ya maktaba ile. Ukurasa wa kwanza umejaa vitabu vipya, vingi ni vya kielektroniki, havina mgongo wa kuvunja. Nikatafuta kile changu cha konokono. Kipo, 594, na mbele yake neno moja: Rafuni. Labda hakuna aliyewahi kukichukua. Labda kuna mtu amekirudisha asubuhi ya jana. Karatasi ya tarehe ingenijibu, lakini hiyo haionekani kutoka huku.