Ufunguo wa droo ya chini

Nilikuwa katibu muhtasi katika ofisi ya mkurugenzi mkuu kwa miaka 19, kwenye taasisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Wakurugenzi wakuu wanne nimewapokea na kuwaaga, na katikati yao makaimu watatu.

Ninayemkumbuka zaidi mkataba wake wa miaka mitano uliisha tarehe 30 Juni. Barua ya kuuliza hatima yake niliichapa mwenyewe mwezi Januari, na majibu hayakuja. Bodi nayo ilikuwa imemaliza muda tangu Machi, wajumbe wapya hawajateuliwa, kwa hiyo hapakuwa na wa kupendekeza jina kwa mamlaka ya uteuzi. Jioni ile alichukua miwani na picha za wanawe, akanikabidhi funguo tatu: wa mlango, wa kabati la chuma na wa droo ya chini. "Mama, humo mna daftari la vikao vyangu na mkandarasi. Mpe atakayekuja."

Atakayekuja alichukua miezi 14.

Aliyekaimu alikuwa mkurugenzi wa fedha, mtu mwadilifu, na simlaumu. Lakini kaimu hajui kesho yake. Kila dokezo zito lilirudi limeandikwa pembeni: tusubiri uteuzi. Jengo letu la mkoani liliishia kwenye lenta, nondo zikashika kutu. Naye alipokalia kiti cha juu, mhasibu mkuu akakaimu fedha, na nafasi ya mhasibu mkuu ikakaimiwa na kijana ambaye hajathibitishwa kazini hata mwaka. Kiti kimoja kilitikisa vitatu. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinataka mtu asikaimu nafasi iliyo wazi zaidi ya miezi sita. Sisi miezi hiyo tuliizidisha mara mbili na ushee.

Na tarehe ya mwisho ilikuwa ndani ya mkataba tangu siku ya kwanza! Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, maana hakufariki mtu wala hakufukuzwa mtu.

Inawezekana kufanya vinginevyo. Oktoba 2017 Rais Magufuli alimtangaza Profesa Florens Luoga kuwa Gavana wa Benki Kuu, wakati Profesa Benno Ndulu bado yuko ofisini. Muda wa Ndulu ulikuwa unaisha Januari 2018. Anayeondoka na anayeingia wakapata miezi ya kujuana. Taasisi ndogo kama yetu inahitaji nafasi hiyo pengine kuliko Benki Kuu, kwa sababu kwetu mambo mengi yamo kichwani mwa mtu mmoja. Natamani pia kila mkurugenzi mkuu apimwe kwa watu wawili au watatu aliowaandaa, waliokaa naye vikaoni na kuyajua mafaili. Wangu hakuwahi kuulizwa hilo.

Mkeka wa uteuzi ulipotoka hatimaye, mkurugenzi mkuu mpya alifika Jumatatu saa moja na nusu. Ripoti ya makabidhiano haikuwapo, basi nikampa ufunguo wa droo. Alilisoma daftari lile mpaka saa kumi na moja jioni, mlango umefungwa. Kisha akatoka na kuniuliza kama bado ninayo namba ya simu ya aliyeliandika.

Nilikuwa nayo.