Funksheni, kasi ya mabadiliko na logi: nimezielewa kwenye video, kalamu mkononi

Kuna kitu nakiamini kabisa na leo nataka nikiandike vizuri: hizi hesabu zinazoitwa prikalkulasi, yaani zile za kumwandaa mtu kwa ajili ya kalkulasi (calculus, hesabu za vitu vinavyobadilika), mtu mzima mwenye simu na bando anaweza kuzijua akiwa nyumbani kwake, tena akazijua sawasawa. Mimi kidato cha tano na sita nilisoma HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza, hesabu tuliagana kidato cha nne, sasa nataka kusoma takwimu chuo na huko bila funksheni na logi (logarithm) huendi popote, kwa hiyo nikaingia kwenye video.

Ukilitafuta somo lenye jina hilo kwenye mitaala yetu ya Tanzania hulioni. Jina ni la Marekani, kule wanafunzi wa sekondari wanalisoma kabla hawajaingia kalkulasi. Kwetu mada zake zimetawanyika, kwenye mtaala tuliosoma sisi logi unakutana nazo kidato cha pili, funksheni kidato cha tatu, halafu zingine mpaka uende advansi na mchepuo wenye hesabu, kwa hiyo mtu kama mimi alipata vipande vipande na hakuna aliyemuonyesha kwamba ni kitu kimoja kinachoendelea. Kwenye video zimepangwa kwa kufuatana, na kwangu hiyo ndo faida kubwa kuliko zote, kubwa hata kuliko kuwa ni bure.

Nilizozitumia sana ni za Khan Academy. Huyu Salman Khan alianza 2004 kumfundisha hesabu binamu yake Nadia kwa mbali, 2006 akaanza kuweka video YouTube, na namna yake haijabadilika sana, skrini nyeusi, kalamu za rangi na sauti, sura yake huioni. Kwa sisi wa bando hiyo ni neema kwa sababu hata ukishusha ubora wa picha mpaka chini maandishi bado yanasomeka. Kuna na yule wa The Organic Chemistry Tutor, jina la kemia lakini hesabu amezijaza kibao, mfano juu ya mfano. Maoni yangu ni kwamba usianze na huyu wa mifano mingi. Mifano ukiitazama mfululizo unaona kila kitu chepesi, unafunga simu umefurahi, kesho yake ukipewa swali peke yako kalamu haisogei. Anza na anayeeleza kwa nini, ukishaelewa ndo uende kwenye mifano kujinoa.

Na video ya hesabu haitazamwi kama tamthilia. Mwalimu akiandika swali, unaisimamisha hapohapo kabla hajagusa jibu, unalifanya kwenye daftari mpaka pale uwezo wako unapoishia, ndo unaiachia uone yeye kapita wapi. Kipindi cha dakika kumi kinaweza kukutoa saa nzima na ni sawa kabisa. Kiingereza chao kama kinakukimbia punguza spidi, weka 0.75, washa na maandishi ya chini. Pale ambapo hujaelewa rudisha nyuma hata mara ishirini, hakuna darasa la kukuguna wala mwalimu wa kukuuliza ulikuwa wapi wakati wenzako wanaelewa.

Sasa niingie kwenye hesabu zenyewe maana ndo kilichonileta.

Funksheni ni kanuni, unaingiza namba moja inakupa jibu moja, basi. Video nyingi zinaanza na x na y na kwenye ubao inaeleweka, ila mimi ilinikaa kichwani nilipoangalia makato ya kutoa hela kwa wakala. Ukitoa kiasi fulani makato ni haya, na makato hayohayo yanabaki mpaka ufike kiwango kingine ndo yanaruka. Ukiyachora kwenye grafu unapata ngazi, mstari mlalo, ruka, mstari mlalo, ruka. Hiyo ni funksheni halali kabisa, kila kiasi kina makato yake na hakuna kiasi chenye makato mawili. Lakini jaribu kwenda kinyume, nikuambie tu nimekatwa kiasi fulani halafu uniambie nimetoa shilingi ngapi, huwezi, kwa sababu viasi vingi vimeangukia kwenye makato yaleyale. Yaani haina funksheni ya kinyume. Ile habari ya kupitisha mstari mlalo kwenye grafu kuangalia kama unakata sehemu zaidi ya moja, ambayo kwenye video wanaisema kwa haraka sana, kumbe ndo hiyo, na ukiishika hapo logi zitakuwa rahisi mbele maana logi yenyewe ni kinyume cha funksheni nyingine.

Kasi ya mabadiliko nayo inaanza na kitu tunachokijua, mteremko wa mstari. Umepanda kiasi gani, gawanya kwa umesogea kiasi gani. Kwenye mstari ulionyooka jibu ni moja kila sehemu. Utamu unakuja kwenye mstari uliopinda. Chukua x kipeo cha pili, simama kwenye 3. Kutoka 3 mpaka 4 jibu linapanda kutoka 9 kwenda 16, kasi ya wastani ni 7. Kutoka 3 mpaka 3.5 kasi ni 6.5. Mpaka 3.1 ni 6.1. Mpaka 3.01 ni 6.01. Unaona inapoelekea? Inaisogelea 6, na ukiendelea kukaribia unaipata 6 palepale kwenye 3, na hapo bila mtu kukutisha umeshaweka mguu ndani ya kalkulasi. Hili fanyeni wenyewe kwa mkono jamani, msilitazame tu, ukiziona zile namba zinatoka kwenye kalamu yako mwenyewe ndo linakukaa.

Kilichonifanya nizipende hizi hesabu moja kwa moja ni sensa. Sensa ya 2012 Tanzania tulikuwa watu 44,928,923, ya 2022 tukawa 61,741,120. Toa, gawanya kwa miaka kumi, unapata wastani wa kama watu milioni 1.68 walioongezeka kila mwaka. Sawa, lakini huo ni wastani tu, na wastani unaficha mambo. Ongezeko lililotangazwa ni asilimia 3.2 kwa mwaka, na asilimia 3.2 ya watu milioni 44.9 ni kama milioni 1.4, wakati mwaka wa mwisho kabla ya sensa ya 2022, kwa kiwango hichohicho, ni kama milioni 1.9. Yaani asilimia haijabadilika ila watu wanaoongezeka ni wengi zaidi kila mwaka, kwa sababu wale walioongezeka jana nao wanahesabiwa kwenye asilimia ya leo. Hiyo ndo funksheni ya kipeo, na ndo tofauti yake na mstari ulionyooka. Mtu anayepanga madarasa, visima na zahanati kwa kutumia ule wastani peke yake atapungukiwa, na atapungukiwa zaidi kila mwaka unavyokwenda, kwa hiyo hili si jambo la kwenye daftari tu.

Swali linalofuata lenyewe: kwa mwendo huo tutakuwa mara mbili baada ya miaka mingapi? Unaandika 1.032 kipeo cha n ni sawa na 2, na n ipo kule juu kwenye kipeo, utaishushaje? Kugawanya haisaidii, kipeuo hakisaidii. Hapo ndo logi inaingia. Logi ya 2 gawanya kwa logi ya 1.032, yaani 0.3010 kwa 0.01368, jibu ni miaka 22 hivi. Nikaenda kupima na sensa za nyuma kama inaingia akilini, 1967 tulikuwa milioni 12.3, 1988 tukawa milioni 23.1, miaka 21 na karibu tumekuwa mara mbili, halafu kutoka hapo mpaka 2012, miaka 24, karibu mara mbili tena. Aisee nilisimama nikazunguka chumbani. Kitu nilichokariri shule bila kujua kinafanya kazi gani, kimekaa na sensa ya nchi yangu na kinakubaliana nayo.

Kwa hiyo ukiulizwa logi ni nini, ni jibu la swali: hii namba ukitaka kuifikia kwa kupandisha 10, kipeo kiwe ngapi? 100 ni 2, 1000 ni 3, na 2 yenyewe ni 0.3010. Sheria zake zote zinatoka hapo. Vipeo ukizidisha namba vinajumlishwa, basi na logi kuzidisha kunageuka kujumlisha. Na hiyo ndo ilikuwa kazi yake ya kwanza duniani. John Napier wa Scotland alizichapisha 1614 ili watu wa nyota na hesabu za pembe waache kuteseka na kuzidisha namba ndefu, mwaka uliofuata Henry Briggs akasafiri kutoka London mpaka Edinburgh kwenda kumuona na ndo wakaja na logi za kumi, ambazo ndo zile za vitabu vyetu vya tarakimu nne.

Mdogo wangu anasoma sekondari na hicho kitabu anacho, siku moja akanishika, "Dada, logi ya 2 ni 0.3010, ya 3 ni 0.4771, nikijumlisha napata 0.7781, mbona kitabu kinasema logi ya 6 ni 0.7782?" Swali zuri sana hilo na nilifurahi kwamba ameliona mwenyewe. Jibu ni kwamba kitabu kimekata kila namba kwenye tarakimu ya nne. Ukienda mbele kidogo ni 0.30103 na 0.47712, jumla 0.77815, ukiikadiria kwa tarakimu nne inapanda kuwa 0.7782. Sheria iko palepale, kilichopungua ni mikia tuliyoikata kabla ya kujumlisha. Nikampa na moja la kuangalia, asije akasema logi ya jumla ni jumla ya logi, maana logi ya 100 jumlisha logi ya 100 ni 4, lakini logi ya 200 ni 2.3010. Mfano huu mmoja unaua hilo kosa moja kwa moja.

Logi pia ndo zinakufanya usome habari za tetemeko kwa akili. Lile la Kagera la Septemba 2016 lilikuwa 5.9, lile la Uturuki la Februari 2023 lilikuwa 7.8. Ukisikia unaona tofauti haifiki hata mbili. Ila kila namba moja kwenye kipimo kile ni mara kumi kwa ukubwa wa mtikisiko na kama mara 32 kwa nishati, kwa hiyo la Uturuki lilitoa nishati kama mara 700 ya lile lililobomoa nyumba Bukoba. Watu waliokuwepo Bukoba siku ile wanajua 5.9 ni nini, sasa zidisha.

Kinachonikera kidogo kwenye video hizi ni maili na futi zao, kila swali la gari ni maili kwa saa, na kuna mada wanazopita mbiombio kwa kudhani ulizisoma mwaka jana. Ukikwama hivyo usiruke, rudi kwenye mada ya chini yake, kwa mfano vipeo vya sehemu na vipeo hasi, maana asiyejua kwamba 10 kipeo cha hasi 2 ni 0.01 logi zitamsumbua mpaka mwisho. Na maswali ya mazoezi kwenye tovuti ya Khan Academy ni bure, fanya hayo kabla ya kufungua video nyingine.

Wasomaji wangu wa Kenya, na nyie mnayo yenu: sensa ya 2009 watu 38,610,097, ya 2019 watu 47,564,296, ongezeko asilimia 2.2 kwa mwaka. Mimi nimepata kuwa mara mbili ni kama miaka 32, lifanyeni na nyie kwa njia ileile.

Kwa sasa nimeingia sin na cos, zile funksheni za pembe ambazo grafu yake inapanda na kushuka kama mawimbi. Nataka nikimaliza niweze kuchora maji ya bahari yanavyojaa na kupwa hapa Dar kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, na grafu ionyeshe bamvua na maji mafu, kwa hiyo nikifika hapo nitaandika tena.