Kabla ya kumeza vitamini B kwa ajili ya ganzi, geuza chupa usome B6

Nikitaja tu kwamba nyayo zangu zina ganzi, jibu huja papo hapo: "Meza vitamini B." Hakuna anayeuliza ni B ipi, ni kiasi gani, wala ganzi yenyewe imetoka wapi. Ukimbana mtu kidogo atakwambia vitamini B haina madhara, ikizidi unaikojoa. Hilo ndilo linalonikera. Kwa B nyingi ni kweli kwa kiasi fulani, lakini kwa B6 si kweli, na B6 ndiyo iliyojazwa kwa wingi kwenye vidonge vinavyouzwa kwa jina la neva, yaani mishipa ya fahamu.

Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1.3 za B6 kwa siku. Akipita miaka 50 ni 1.5 kwa mwanamke na 1.7 kwa mwanamume. Chakula cha kawaida kinatosha kumpa. Sasa geuza kile kidonge cha mchanganyiko wa B1, B6 na B12 usome maandishi madogo ya nyuma. Vipo vyenye miligramu 200 za B6 kwenye kidonge kimoja, yaani zaidi ya mara 100 ya mahitaji ya siku nzima, na kuna watu wanakunywa asubuhi, mchana na jioni.

Mimi ni fundi cherehani. Nasema hivyo ili mjue kwa nini jambo la ganzi limenishika hivi. Kazi yangu yote iko kwenye ncha za vidole na chini ya unyayo: kidole kinanieleza upande wa kitambaa kabla macho hayajaona, na mguu ndio unaoamua mshono uende kasi gani. Tena nina kisukari cha aina ya pili na nameza metfomini, dawa ya kisukari, kwa miaka. Kwa hiyo ganzi ilipoanza kwenye vidole vya miguu, kila mtu, pamoja na mimi, alikuwa na mshukiwa mmoja tu: sukari.

Kliniki, nesi alinivua viatu, akaniambia nifumbe macho, akachukua kijiti chenye uzi mnene wa nailoni kichwani. Ule uzi umetengenezwa upinde ukisukumwa kwa uzito wa gramu 10, si zaidi. Anaugusisha kwenye unyayo mpaka upinde, wewe unasema "naam" ukihisi. Nilikuwa natamani kumuuliza uzi huo ni namba ngapi, maana nailoni naijua, lakini nikajikuta nimenyamaza muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nilidhani bado hajaanza. Kumbe alishapita kidole gumba, akapita na kile cha tatu. Kisha akaleta uma wa chuma unaotetemeka, akaubandika kwenye mfupa wa kidole gumba, akaniuliza mtetemo umekoma lini. Kwangu ulikoma mapema. Yeye aliyeushika bado alikuwa anausikia.

Daktari hakuandika vitamini siku ile. Aliandika damu ipimwe B12. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu.

Sababu ni hii. Metfomini ikitumika muda mrefu, hasa kwa dozi kubwa, hupunguza uwezo wa utumbo kufyonza B12. Dawa za kupunguza asidi ya tumbo, kama omeprazoli, nazo zikiendelea kwa miaka hufanya hivyo hivyo, kwa kuwa asidi ndiyo inayoibandua B12 kutoka kwenye nyama, mayai na maziwa. Baada ya hapo B12 inahitaji protini maalumu inayotengenezwa na tumbo ili ifyonzwe mwishoni kabisa mwa utumbo mwembamba. Kwa hiyo aliyekatwa sehemu ya tumbo, mwenye ugonjwa unaoharibu protini hiyo, mzee ambaye asidi yake imepungua, na asiyekula kabisa vyakula vya wanyama, wote wako kwenye foleni moja na mimi. Ini lina akiba ya miaka, ndiyo maana upungufu unakuja polepole na hauna siku ya kuanza unayoweza kuitaja.

Upungufu wenyewe si wa kuchezea. B12 ikikosekana, ule utando unaofunika neva hauundwi vizuri. Unaanza na ganzi na vichomi miguuni, baadaye unayumba ukitembea gizani, ulimi unakuwa laini na unauma, kumbukumbu inapotea. Ukifika kwenye uti wa mgongo na ukachelewa, kuna sehemu hairudi.

Na hapa kuna mtego wa asidi ya foliki, ambayo nayo ni B, ni B9. Mtu mwenye upungufu wa B12 akimeza foliki nyingi, upungufu wa damu unaoletwa na ukosefu huo unaweza kuonekana umepona wakati neva zinaendelea kuharibika kimyakimya. Ndiyo maana kikomo cha foliki ya vidonge kwa mtu mzima kimewekwa mikrogramu 1000 kwa siku, ila kwa aliyeandikiwa zaidi na daktari kwa sababu maalumu. Nani huuambatanisha huu ushauri na ile "meza B yoyote"? Sijamsikia.

Majibu yangu yalirudi chini. Nikachomwa sindano za B12 kwanza, maji mekundu kama sharubati ya zabibu nyekundu. Wekundu ule ni wa asili yake: katikati ya B12 kuna madini ya kobalti, ndiyo maana ikaitwa kobalamini. Aliyefumbua umbo lake zima ni mwanakemia wa Uingereza, Dorothy Hodgkin, mwaka 1956, na mwaka 1964 akapewa tuzo ya Nobel. Baadaye nikahamishiwa vidonge vya mikrogramu 1000.

Dada yangu alipoona hiyo 1000 kwenye kichupa alishtuka. "Elfu moja! Mdogo wangu, si utajiua?" Nikamwambia asome kipimo, si namba. Mikrogramu 1000 ni miligramu moja tu. Mwili unahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, lakini pale njia ya kawaida ya kufyonza inaposhindwa, ni karibu asilimia 1 tu ya kidonge inayopenya yenyewe kwenye utumbo. Asilimia 1 ya 1000 ni 10, na hiyo inatosha. B12 haina kikomo cha juu kilichowekwa, kwa sababu madhara ya kuizidisha kwa mdomo hayajaonekana kwa watu wenye afya. Ajabu ni kwamba namba inayotisha kwenye lebo ndiyo isiyo na neno, na ile 200 ya B6 kwenye vidonge vya neva, ambayo hakuna anayeishangaa, ndiyo ya kuogopa.

Sasa nirudi kwa B6, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwaka 1983 madaktari wa Marekani waliandika habari za wagonjwa 7 waliokuwa wakimeza B6 gramu 2 hadi 6 kila siku. Walikuwa wamepoteza hisia za mikono na miguu, na kutembea kwao kumekuwa kwa kuyumba. Dozi hizo ni kubwa mno, na kwa muda watu walijifariji kwamba madhara ni ya wanaozidisha kupita kiasi. Baadaye zikajitokeza ripoti za watu waliopata ganzi kwa dozi ndogo zaidi walizozimeza kwa muda mrefu. Marekani bado inatumia kikomo cha miligramu 100 kwa siku, kilichowekwa mwaka 1998. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilikuwa na 25, na mwaka 2023 ikashuka hadi 12. Huduma ya afya ya Uingereza inawaambia watu wasizidishe 10 bila ushauri wa daktari. Australia inataka bidhaa yenye zaidi ya 10 kwa siku iwe na onyo la ganzi kwenye lebo. Tofauti kati ya 100 na 12 inaonyesha kwamba wataalamu hawajakubaliana, lakini wote wanakubaliana kwamba kikomo kipo. Mimi nimechagua upande wa namba ndogo, kwa sababu sioni ninachopoteza.

Kinachouma zaidi ni dalili zenyewe. B6 ikizidi inaleta ganzi, vichomi na miguu inayowaka, yaani zile zile zilizompeleka mtu kununua vidonge. Anaona ganzi haipungui, anaongeza kidonge. Ganzi inazidi, anasema ugonjwa ni mkali, anatafuta chenye nguvu zaidi.

Shemeji yangu alikuwa ameanza kulalamika kwamba vidole vya mikono navyo vimekufa ganzi, anashindwa kufunga vifungo vya shati. Shati lenyewe nilishona mimi na matundu ya vifungo hayakuwa madogo. Nikamwambia, "Shemeji, hebu niletee kila kitu unachomeza, hata cha unga."

"Dawa ni ile moja tu, shemeji. Hivyo vingine ni vitamini."

Akaleta. Nilikuwa na karatasi ya kukatia mezani, nikachukua chaki, nikawa nasoma lebo moja moja na kuandika B6 peke yake. Kidonge cha neva: 200. Vitamini za mchanganyiko za kila siku: 25. Unga wa magneziamu wa kulalia vizuri: 10. Kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, ambalo yeye hakulihesabu kuwa kitu: 5. Jumla 240 kwa siku. Hakuna hata kimoja alichokificha, na hakuna hata kimoja kinachoandika kwa herufi kubwa kwamba kina B6. Lazima uitafute, na wakati mwingine imeandikwa piridoksini, au asilimia tu ya mahitaji ya siku. Ukiona asilimia inazidi elfu, simama hapo.

Alikwenda na karatasi ile ile kwa daktari wake, ikiwa imekunjwa na chaki imeanza kufutika. Akaambiwa aache B6 zote za ziada, akapimwa na mambo mengine, kwa kuwa ganzi ina sababu nyingi na haifai kubandika lawama kwenye chupa kabla ya kuangalia sukari, tezi ya shingo, figo na pombe. Alionywa pia kwamba ganzi ya B6 inaweza kuendelea, hata kuongezeka kidogo, kwa wiki kadhaa baada ya kuacha, kisha ikaanza kupungua. Ni vizuri alijulishwa, vinginevyo wiki ya pili angesema "mnaona, nilikuwa naihitaji."

Kuna watu ambao hawapaswi kusoma haya na kwenda kutupa vidonge vyao. Ukiwa kwenye dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi na umepewa piridoksini pamoja nayo, endelea nayo. Isoniazidi inaimaliza B6 mwilini, na hapo ganzi inatokana na upungufu. Dozi uliyopewa imepangwa kwa ajili hiyo. Kwa upande mwingine, anayetumia levodopa peke yake kwa ugonjwa wa Parkinson, au fenitoini kwa kifafa, amuulize mfamasia kabla ya kugusa B6 ya dozi kubwa, maana inaweza kudhoofisha dawa hizo.

B1, thiamini, sina ugomvi nayo. Haina kikomo cha juu, na upungufu wake unaharibu neva kweli, hasa kwa wanywaji wa pombe nyingi na watu waliotapika kwa muda mrefu. B3 ya dozi kubwa inawasha uso na ikizidi sana inaumiza ini. Biotini, ile ya nywele na kucha, haidhuru neva lakini inavuruga vipimo vya maabara, vikiwemo vya tezi na vya mshtuko wa moyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu hilo mwaka 2017. Ukienda kutoa damu, sema unaimeza.

Na ukitaka kupimwa B12, pima kabla ya kuanza vidonge. Ukishaanza, kiwango kwenye damu kinapanda na daktari hawezi tena kujua ulikuwa wapi. Kama viwango vyako vyote viko sawa, ushahidi kwamba B za ziada zitakuondolea ganzi ni haba. Kwa mwenye kisukari, sukari iliyotulia na kukagua nyayo kila jioni vina faida zaidi ya kichupa chochote. Ganzi iliyokuja ghafla upande mmoja wa mwili, au inayoambatana na kushindwa kuzuia mkojo, si ya vitamini kabisa. Hiyo ni ya hospitali saa ile ile.

Mnaniuliza kama ninapona. Mguu wa kulia unahisi pedeli vizuri zaidi kuliko mwaka jana, wa kushoto bado mvivu. Neva hukua taratibu, kama milimita moja kwa siku pale inapoweza, na kutoka mgongoni hadi kidole gumba ni safari. Metfomini sijaiacha, na B12 napimwa kila mwaka pamoja na sukari.

Swali lingine linalokuja sana ni saa ya kumeza. Asubuhi au usiku ni sawa, B12 haihitaji chakula, ila kidonge cha mchanganyiko kikikutia kichefuchefu kimeze baada ya kula. Na mkojo ukitoka njano ya kung'aa msishtuke. Hiyo ni B2, haina maana yoyote zaidi ya kwamba mmemeza.