Nilivyopanga msimu wa kutazama kriketi ya vilabu Nairobi

Msimu wangu wa kriketi huanza masika ingali inanyesha. Kati ya Machi na Mei viwanja vya Nairobi hulowa, ule ukanda wa kati mpira unakorushwa hufunikwa turubai, na mpenzi wa mchezo huu hubaki nyumbani na kalenda yake. Huo ndio wakati wa kupanga. Wengi ninaowafahamu hufuata kriketi kwenye simu: ligi ya India, Kombe la Dunia, basi. Mimi nilitaka kwenda uwanjani mwenyewe, Jumapili baada ya Jumapili, hadi niwatambue wachezaji kwa mwendo wao kabla sijaona nambari mgongoni. Ligi ya vilabu haina mabango barabarani wala redio inayoitangaza. Usipoitafuta, msimu utakwisha na hukujua ulianza lini.

Kazi ya kwanza ilikuwa ratiba. Ligi za Nairobi huendeshwa na chama ambacho wenyewe wanakiita NPCA, yaani Nairobi Provincial Cricket Association, na zimegawanywa kwa madaraja: juu wako Kanbis, Swamibapa, Stray Lions, Sir Ali Muslim Club, Ruaraka, Nairobi Gymkhana na wenzao, chini yao timu ambazo jirani yako hajazisikia. Ratiba ya karatasi husaidia, lakini haitoshi. Mvua huihamisha mechi, au timu ya taifa husafiri na vilabu vikabaki bila nyota wao. Njia iliyonifaa ni kumjua mwandishi wa alama. Kila mechi ina mtu huyu, ameketi mezani na daftari kubwa, na hakuna anayejua mambo ya ligi kumshinda. Nilimsalimu wakati wa mapumziko, si mchezo ukiendelea, kwa sababu akikosa mpira mmoja hesabu yote inaharibika. Yeye ndiye aliyeniunganisha na kundi la WhatsApp la klabu. Tangu hapo, Ijumaa jioni ninathibitisha, Jumapili asubuhi ninatoka.

Halafu viwanja. Niliamua kupanga msimu kwa mahali, na bado naona huo ulikuwa uamuzi bora kuliko kufuata msimamo wa ligi. Upande wa Ngara na Pangani, kando ya barabara tuliyoizoea kwa jina la Forest Road ambayo sasa ni ya Profesa Wangari Maathai, kuna viwanja kadhaa vilivyokaribiana: Gymkhana uko hapo, Sikh Union uko hapo. Ukiona mechi moja imekwisha mapema, unatembea hadi nyingine. Ruaraka uko kando ya Thika Road, kwa hiyo matatu za Githurai zinakufikisha. Jaffery uko Lavington, na huko ninakwenda tu nikiwa na siku nzima. Vingi ni viwanja vya vilabu vya wanachama. Langoni ninamwambia mlinzi wazi kwamba nimekuja kutazama mechi, ninavaa nadhifu, na ninaketi upande wa watazamaji bila kuingia kwenye majengo. Sijawahi kuombwa kiingilio katika mechi ya kawaida ya ligi.

Gymkhana niliupa nafasi kubwa katika mpango wangu, na sababu yake si usafiri. Tarehe 4 Oktoba 1996, Shahid Afridi wa Pakistan alifikisha mikimbio mia, ndizo alama za mchezo huu, kwa mipira 37 pale pale, dhidi ya Sri Lanka. Tarehe 24 Februari 2003, Kenya ilipata mikimbio 210 kwa wiketi 9, yaani wapigaji wake tisa walitolewa, kwenye uwanja huo huo, kisha ikawatoa Sri Lanka wote kwa 157. Collins Obuya alichukua wiketi 5 kwa mikimbio 24. Kenya ilikwenda hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka ule, chini ya nahodha Steve Tikolo. Leo mchezaji wa klabu anadaka mpira kwenye nyasi zile zile na watazamaji hawajazi benchi mbili. Wengine huliona hilo kuwa jambo la huzuni. Mimi naona ni bahati isiyo na kifani: unaketi karibu kiasi cha kusikia nahodha akimpanga mtu wake, mahali ambapo historia ya mchezo huu nchini iliandikwa.

Na historia hiyo ilitoka kwenye vilabu hivi hivi. Tikolo aliichezea Swamibapa. Ndugu wa ukoo wa Ngoche, yaani Lameck Onyango, Nehemiah Odhiambo, James na Shem, wote waliichezea Kenya, na dada zao Mary Bele na Margaret Ngoche wakaichezea timu ya wanawake. Ukijua hilo, yule mtoto anayerusha mpira wa tenisi nyuma ya jengo wakati wa mapumziko humtazami tena kama mtoto anayepoteza muda.

Hali ya hewa nayo iliingia kwenye kalenda. Juni hadi Agosti Nairobi ni baridi na mawingu, na warushaji wa kasi huupenda wakati huo kwa sababu mpira hupinda zaidi hewani. Miezi hiyo niliitengea mechi ndefu za ova 50 kwa kila upande (ova moja ni mipira sita), ambazo hula siku nzima. Mvua za vuli zinapoanza, Oktoba kuelekea Desemba, ninahamia kwenye mechi za ova 20: zinakwisha kwa muda wa saa tatu hivi, na zikianza asubuhi unaweza kumaliza kabla ya wingu la alasiri. Kapu langu halibadiliki: kofia yenye ukingo, sweta, maji, chapati na maharagwe, penseli mbili.

Penseli ni kwa ajili ya daftari langu mwenyewe, nalo ndilo lililonifundisha kuketi. Kujaza alama kwa mkono kunakulazimisha kuona kila mpira. Ova ambayo haikutoa hata mkimbio mmoja, ambayo kwenye simu ungeiruka kwa kidole, inakuwa tukio, kwa sababu umechora nukta sita mfululizo na umemwona mpigaji akianza kutapatapa. Mzee mmoja niliyeketi naye Sikh Union aliangalia daftari langu, akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kijana, usimtazame mpigaji peke yake. Mtazame kipa." Nikamuuliza, "Kwa nini, mzee?" Akanionyesha: kipa akisimama mbali nyuma ya vijiti, mrushaji ana kasi, akisogea hadi karibu kuvigusa vijiti, unakuja mpira wa polepole wa kuzunguka, na kipa anategemea mpigaji atoke nje ya mstari wake ili aviangushe vijiti na kumtoa. Tangu siku ile ninaanza kusoma kila ova kwa miguu ya kipa.

Uamuzi uliobeba msimu wote, hata hivyo, ulikuwa kuchagua mchezaji mmoja wa daraja la chini na kumfuata. Nilimchagua kijana anayezungusha mpira kwa kifundo cha mkono, mtindo ule ule wa Obuya. Ni sanaa ngumu. Mpira ukiponyoka vidole kidogo tu, unatua mahali pabaya na unapigwa nje ya uwanja. Mapema katika msimu nahodha alimpa ova mbili, zikapigwa, akamwondoa. Wiki zilizofuata niliona akirusha kwa kasi zaidi ili asipigwe, na mpira ukaacha kuzunguka kabisa. Baadaye, kwenye mechi moja ya Agosti, alipunguza kasi. Mpira ukapanda juu ya macho ya mpigaji, ukachelewa kushuka, mpigaji akatoka kuupiga, ukampita, na kipa akaviangusha vijiti. Nilisimama na kupiga makofi peke yangu upande wangu wa uwanja. Ungekuwa umeiona mechi ile tu, ungesema ni wiketi ya kawaida ya kijana wa daraja la chini. Mimi nilikuwa nimeziona zote zilizoitangulia.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na ushauri wa kuchagua mechi kubwa tu. Mechi kubwa ni nzuri, na fainali niliiweka kalendani kama kila mtu, lakini kriketi huonyesha utamu wake kwa anayerudi. Nani asiyemkumbuka Frank Nsubuga wa Uganda, Juni 2024, akiwa na miaka 43, kwenye Kombe la Dunia la ova 20 huko Guyana? Ova zake nne dhidi ya Papua New Guinea zilitoa mikimbio 4 tu na wiketi 2. Mikono ile ililelewa na miaka mingi ya kriketi ya nyumbani, kwenye mechi ambazo watu wachache walizitazama.

Kuna safari moja niliyojitengea nje ya jiji: Mombasa, kwa treni ya SGR, wikendi ambayo Mombasa Sports Club ina mechi nyumbani. Klabu ile ilianzishwa mwaka 1896, na uwanja wake uko kisiwani. Joto la pwani hubadilisha mchezo. Warushaji wa kasi huchoka mapema, nahodha huwaita wa polepole kabla ya wakati, na mtazamaji lazima atafute kivuli kabla ya saa nne asubuhi la sivyo atakikosa.

Kalenda ya msimu ujao tayari ina alama za penseli. Kijana wangu amepandishwa daraja, kwa hiyo Jumapili za Juni na Julai nimezitengea timu yake mpya, hasa mechi za Ruaraka. Nataka kuona wapigaji wa juu watamfanyia nini anapoupandisha mpira juu ya macho yao, na kama nahodha mpya atamwachia ova ya tatu baada ya mbili za kwanza kupigwa.