Kepu inayonenepa chini ya bomba: kumbukumbu ya vipande 15

Lengo nililojiwekea katika mradi huu ni dogo lakini limenisumbua kwa muda mrefu: kuchomelea bomba jembamba lililolala, lisilozungushwa, kwa kushuka kutoka juu hadi chini, na kupata tabaka la mwisho, ambalo hapa nitaliita kepu, lenye kimo kinacholingana pande zote. Kipimo nilichokichukua ni kile cha API 1104, kiwango cha Taasisi ya Petroli ya Marekani cha kuchomelea mabomba, ambacho hakitaki kepu iwe chini ya uso wa bomba mahali popote, wala iinuke zaidi ya mm 1.6 juu yake, na upana wake uzidi upana wa bonde la awali, yaani mfereji ulio kati ya kingo mbili zinazounganishwa, kwa takriban mm 3. Sina mkaguzi wa kunisimamia, lakini nilitaka kujipima kwa mizani ambayo haikutengenezwa na mimi mwenyewe.

Kila kipande ninachokihesabu hapa ni jaribio moja la kuunga bomba. Bomba ninalotumia lina kipenyo cha mm 114.3 na unene wa mm 4.8. Kingo zimechongwa nyuzi 30 kila upande, zikaachwa na uso butu wa mm 1.6 na pengo la mm 1.6. Elektrodi, yaani kijiti cha kuchomelea, ni ya aina ya E6010, ya mm 2.5 kwa tabaka la kwanza na ya mm 3.2 kwa mawili yanayofuata, zote zikiwa kwenye ncha chanya ya mashine.

Kabla sijaendelea, nieleze namna ninavyotaja sehemu za bomba. Ninatumia namba zilizoandikwa kwenye uso wa saa ya mishale, yaani 12 ni juu kabisa na 6 ni chini kabisa, wala si saa kama tunavyoitamka. Katika vipande viwili vya kwanza niliandika "saa sita" nikimaanisha mahali mshale unapoelekea juu, kisha jioni nikasoma maandishi yangu mwenyewe kana kwamba ni chini ya bomba, na vipimo vyote vikageuka kichwa chini miguu juu.

Vipande vya 1 hadi 5

Tatizo lilijitokeza mapema na halikubadilika sura. Kepu ilikuwa nene kwenye 12, ikapungua kwenye 3, kisha ikavimba tena kuanzia 5 hadi 6, ambako chuma kilining'inia kama tone lililokataa kudondoka. Kipande cha 4 kilisoma mm 2.1 juu, mm 1.0 ubavuni na mm 2.9 chini.

Nililaumu umeme kwanza, nadhani kwa sababu kitufe cha ampea ndicho kitu kilicho rahisi kukigeuza. Niliposhusha kutoka ampea 95 hadi 80, mshono ulisimama mwembamba na wa mviringo kama kamba iliyolazwa juu ya bomba, haukushikana vizuri na kingo, na kimo kikaongezeka badala ya kupungua. Nilipopandisha hadi 115, dimbwi la chuma liliyeyuka kupita kiasi, likaanza kunikimbia kati ya 4 na 5, na pembeni mwa mshono kukabaki vijifereji vilivyokula ukuta wa bomba, kasoro ambayo kwenye bomba jembamba ni mbaya kuliko kepu iliyoinuka. Nikarudi kwenye 95 na sijaiacha tangu hapo.

Vipande vya 6 na 7

Hapa nililaumu elektrodi, na kwa sehemu nilikuwa na haki. Nilikuwa nimezihifadhi katika sanduku lenye joto pamoja na zile za hidrojeni kidogo, ambazo hutakiwa kukaa kavu, nikidhani kuwa ukavu ni sifa njema kwa elektrodi zote. E6010 hufunikwa kwa selulosi na huhitaji unyevu wake. Ikikaushwa kwa joto, tao la umeme, yaani mwali ulio kati ya ncha ya elektrodi na bomba, hupoteza nguvu ya kusukuma na dimbwi haliongozeki. Elektrodi mpya ziliwaka vizuri zaidi. Kepu, hata hivyo, ilibaki na nundu zake mahali palepale.

Kipande cha 8

Ndipo nilipofanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza: nilipima bonde kabla ya kuweka kepu. Nililaza rula ya chuma juu ya bonde na kushusha mkia wa kalipa, kifaa cha kupimia unene na kina, hadi kwenye tabaka la pili. Kwenye 12 palibaki kina cha mm 0.3 tu, kwenye 3 palikuwa na mm 1.3, kwenye 6 hapakuwa na bonde kabisa, kwa maana tabaka la pili lilikuwa limekwisha kuchomoza juu ya uso wa bomba.

Hesabu yake ni nyepesi. Elektrodi moja ya mm 3.2 hunifikisha karibu nusu ya mzunguko, yaani mm 180, na mshono wa kepu una upana wa mm 8 hivi. Bonde likibaki na kina cha mm 1, karibu asilimia 40 ya chuma hicho huzama ndani yake na kinachobaki huinuka kwa mm 1.2 au pungufu kidogo. Bonde likiwa limejaa, chuma kilekile, kwa mwendo uleule, hakina pa kwenda ila juu, na kimo kinafika mm 2. Mkono wangu kwenye kepu haukuwa na kosa kubwa kama nilivyodhani. Nilikuwa ninapaka tabaka la mwisho juu ya kitu kilichokwisha kujaa.

Basi kwa nini tabaka la pili lilijaa? Kwa sababu ya woga. Kazi ya tabaka hilo ni kuyeyusha slagi, yaani taka ngumu inayoachwa na ganda la elektrodi, iliyonaswa pande mbili za tabaka la kwanza, kwa hiyo huhitaji joto na mwendo wa haraka. Lakini mimi, nikihofia kutoboa ukuta mwembamba, nililipitisha kwa ampea 85 na kwa kunyatia. Ukinyata, chuma hurundikana. Ubavuni, kati ya 2 na 4, mvuto wa dunia ulikishusha chuma na kunilazimisha nikimbie, ndiyo maana hapo palibaki na bonde. Kwenye mabomba manene watu huziba upungufu huo wa ubavuni kwa mshono mfupi wa ziada kabla ya kepu, lakini kwa ukuta wa mm 4.8 mshono huo ungekuwa mzigo tu.

Vipande vya 9 hadi 12

Nilipandisha tabaka la pili hadi ampea 105 na kuongeza mwendo. Kipande cha 9 na cha 10 viliacha kina cha mm 0.8 hadi mm 1.2 karibu kila mahali, na kepu ikatii bila mimi kubadilisha chochote kingine. Kipande cha 11 nilikitoboa kwenye 2, kwa kuwa nilikuwa nimelisaga tabaka la kwanza kwa grainda hadi likabaki kama ganda la yai. Siku hizi ninasaga mgongo wake tu, hadi uwe bapa, na ninajizuia kabisa kugusa kingo za bonde, maana mistari hiyo miwili ndiyo inayoniongoza kwenye upana wa kepu. Ikipotea, mshono hutangatanga.

Nundu ya kwenye 12 iliondoka nilipoacha kuanzisha nusu zote mbili za mzunguko mahali pamoja, na kusaga mwanzo wa nusu ya kwanza uwe mteremko kabla ya kuupandia.

Vipande vya 13 hadi 15

Palibaki chini. Nilirekodi sauti ya kazi na kuhesabu sekunde: kutoka 12 hadi 3 nilitumia 27, na kutoka 3 hadi 6 nilitumia 38, ilhali masafa ni yaleyale. Kiwiko kilikuwa kinakosa pa kutua, shingo inapinda, mkono unapunguza mwendo, na wakati huohuo bomba limekwisha kupata moto. Niliinua kishikio cha bomba ili sehemu ya chini iwe usawa wa kifua, nikaegemeza kiwiko, nikafupisha tao kuanzia 5, na kuisimamisha elektrodi karibu wima na uso wa bomba badala ya kuiburuta. Pia ninasubiri bomba lipoe kidogo kabla ya kuanza nusu ya pili.

Kipande cha 15 kimesoma mm 1.3 kwenye 12, mm 1.1 kwenye 3, mm 1.2 kwenye 9 na mm 1.8 kwenye 6. Hizo mm 0.2 zinazozidi kipimo hapo chini zinatokana na mahali nusu mbili zinapokutana, ambapo bado ninachelewa kuikata elektrodi. Katika kipande cha 16 nitasaga mwisho wa nusu ya kwanza uwe mteremko, kama nilivyofanya juu, kisha nipime tena.